"Dakika tano ziliisha, Mwalimu": kufundisha mapishi mwanafunzi akiwa kwao

Swali: Nafundisha sayansi kimu kwa wanafunzi wa miaka 12 hadi 15. Muhula huu tunasoma kwa mtandao. Kila wiki natuma video ya pishi moja, wanapika nyumbani kwao, kisha wananitumia picha ya sahani. Picha zinavutia na karibu wote wanapata alama za juu. Wiki iliyopita nilimpigia simu mwanafunzi mmoja, katika wale wanaoongoza, nikamwuliza alijuaje kwamba vitunguu vyake vimeiva. Akanijibu: "Dakika tano ziliisha, Mwalimu." Tangu siku hiyo sina raha. Je, upishi unafundishika kwa mbali kweli, au nawadanganya watoto wa watu? Na kama unafundishika, nibadili nini?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, swali ulilomwuliza mtoto yule kwenye simu lina mafunzo ndani yake kuliko video zote za muhula. Lishike hilohilo, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu langu inatoka humo.

Upishi unafundishika kwa mbali. Nimeufundisha darasani miaka mingi, nikaja kuufundisha kwa simu na kompyuta shule zilipofungwa mwaka 2020. Wakati ule wanafunzi karibu bilioni 1.6 katika nchi zaidi ya 190 walikatiziwa masomo, na sisi wa masomo ya vitendo tulishika vichwa. Wa hesabu aliweza kuandika kwenye karatasi na kuipiga picha. Wa mapishi atainusisha vipi harufu ya mchuzi kupitia kioo cha simu?

Lakini wako waliotutangulia, tena wakiwa na vifaa vichache kuliko vyetu. Oktoba 1926 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilianzisha kipindi cha redio cha mambo ya nyumbani, mwenyeji wake akiitwa Aunt Sammy, yaani Shangazi Sammy. Shangazi huyo hakuwa mtu mmoja. Maandishi yaliandaliwa na idara ya sayansi kimu ya wizara hiyo, yakatumwa kwenye vituo mbalimbali, na katika kila kituo mwanamke tofauti akayasoma kwa jina hilo. Hapakuwa na picha hata moja, ila sauti tupu, na bado wasikilizaji waliandika barua kwa wingi kuomba mapishi. Huwa nakikumbuka kipindi hicho kila ninapoandaa somo. Anayefundisha kwa sauti tupu hana budi kutamka kila kitu ambacho jicho lingekiona, rangi, mlio, uzito wa mwiko ndani ya sufuria. Sisi tulipopata video tuliacha kuvitamka, tukidhani mtoto ameviona. Wakati mwingine hakuona chochote zaidi ya mikono yetu ikienda mbio.

Sasa tazama unachowaomba. Unaomba picha ya sahani, na mtoto mwerevu anaelewa upesi kwamba kinachopimwa ni picha. Atapangusa ukingo wa sahani kwa kitambaa, ataweka jani la kijani juu, atasogea dirishani penye mwanga. Ukoko ulioganda chini ya sufuria hutauona. Chumvi iliyozidi hutaionja. Hutaiona pia mikono ya mama au ya kaka mkubwa iliyochukua mwiko pale mambo yalipoanza kuharibika. Mwanafunzi wako hajakudanganya, na wewe hujawadanganya wazazi wake. Amejibu kile alichoulizwa, nacho kilikuwa kuleta sahani ya kupendeza kwa kufuata dakika ulizozitaja.

Hizo dakika ndizo zenye kasoro, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ukilielewa la kitunguu umeelewa nusu ya jiko.

Karibu asilimia 89 ya kitunguu ni maji. Ukikitia kwenye mafuta ya moto, unachosikia mwanzoni ni maji yakitoka: mlio mzito, wa mfululizo, na mvuke mweupe unapanda. Maadamu maji bado yapo, joto la vile vipande linazuiliwa karibu na nyuzi 100, kwa hiyo kitunguu kinalainika, kinaanza kupitisha mwanga kama kioo chenye ukungu, lakini hakigeuki rangi. Maji yakipungua, mlio unakonda. Badala ya mvumo mmoja unasikia vipasuko vidogovidogo vyenye nafasi kati yake. Hapo joto linapanda, na kuanzia kama nyuzi 140 sukari na protini zinaanza kuungana kwa kasi na kutoa ile rangi ya dhahabu na harufu inayomwita mtu kutoka chumba cha pili. Mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza muungano huo mwaka 1912, na ndio uleule unaoipa rangi nyama ya kuchoma na ganda la mkate. Kutoka dhahabu hadi kuungua ni muda mfupi mno, kwa sababu yale maji yaliyokuwa yakilizuia joto yamekwisha.

Sasa dakika zako tano zilitoka wapi? Zilitoka kwenye jiko lako, kikaango chako kipana, vitunguu viwili ulivyovikata vyembamba. Mwanafunzi mmoja ametumia sufuria nyembamba yenye kimo na vitunguu vinne kwa sababu kwao ni watu wanane. Vipande vimelaliana, mvuke umekosa pa kutokea, na dakika tano zinapokwisha kitunguu chake bado kibichi ndani ya maji yake mwenyewe. Mwingine ana kikaango chepesi juu ya moto mkali, na chake kimekuwa cheusi dakika ya tatu. Wote wawili wamekutii.

Kwa hiyo andika upya maelekezo yako. Palipoandikwa "kaanga kwa dakika tano", andika: "Kaanga kwa moto wa kiasi hadi mlio ukonde na kingo za vipande zianze kuwa za dhahabu. Anza kutazama kwa makini baada ya dakika tatu. Ukisikia harufu inayochoma koo umechelewa: epua." Dakika zimebaki, lakini kazi yake imekuwa kumwambia mtoto lini aanze kuangalia. Uamuzi wenyewe anaufanya kwa jicho, sikio na pua. Fanya hivyo kwa kila hatua ya kila pishi. Itakuchukua jioni kadhaa, na hakuna kazi nyingine ya muhula itakayokulipa kama hiyo.

Nikupe mfano wa jikoni kwa watu. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye wali wake ulitoka bokoboko wiki tatu mfululizo. Alifuata kipimo changu sawasawa, kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya maji. Alikuwa amekata tamaa na mimi nilikuwa nimeanza kumdhania hapimi vizuri. Nikamwomba aniletee picha ya sufuria tupu na kifuniko chake, si ya wali. Ilikuwa sufuria ndefu, nyembamba, yenye kifuniko kizito kilichokaa barabara mdomoni. Yangu ya kwenye video ilikuwa pana, na kifuniko chake kilichezacheza kikitoa mvuke pembeni. Jawabu lilikuwa pale. Mchele wenyewe unahitaji kunywa maji karibu sawa na ujazo wake. Yanayozidi hapo ni ya kupotea kwa mvuke, na yanayopotea yanategemea upana wa sufuria, kifuniko na moto. Kwangu kikombe kizima kilikwenda hewani. Kwake maji hayakuwa na njia, yakabaki kwenye wali. Nikamwambia apunguze nusu kikombe kisha anisimulie. Alipunguza, akasikiliza hadi mchemko ukanyamaza, akazima moto, akaacha kifuniko dakika kumi bila kukifungua. Ujumbe wake wa sauti bado ninao, anahesabu punje: "Zimeachana, Mwalimu, zimeachana!"

Mtoto yule aliondoka na kitu ambacho darasani nisingempa, kwa sababu darasani wote wangetumia sufuria za shule zinazofanana. Anajua kwa nini. Siku akipika wali wa watu wengi hatazidisha maji kwa kufuata mchele tu, maana mvuke unaopotea hauongezeki sambamba na mchele.

Hili nalisema kwa uzito kwa sababu walimu wengi wanalichukulia somo la nyumbani kama mbadala dhaifu wa lile la shuleni. Kwenye mapishi nadhani mara nyingi ni kinyume. Kumbuka chumba cha mapishi cha shule: kipindi kimoja kifupi, watoto watano kwenye jiko moja, mmoja anakata, mmoja anakoroga, watatu wanatazama na kuosha vyombo. Mwanafunzi anaweza kumaliza mwezi bila kushika kisu kwa dakika kumi. Nyumbani chakula kinapikwa kila siku, kwa jiko atakalolitumia kweli. Ukimpa kazi ya kukata vitunguu vya chakula cha jioni siku nne mfululizo, mkono wake siku ya nne si ule wa siku ya kwanza. Kwa hiyo acha kuhesabu mapishi. Fundisha ujuzi mmoja kwa wiki na urudiwe. Wiki ya kisu, wiki ya moto mdogo, wiki ya yai, wiki ya chumvi. Pishi lolote linaweza kubeba ujuzi huo.

Yai peke yake linatosha wiki nzima. Ute unaanza kushika kwenye nyuzi sitini na kitu, kiini juu yake kidogo, kwa hiyo mtoto anaona kwa macho yake tofauti ya joto ambayo hana kipimajoto cha kuipima. Mwambie akaange la kwanza kwa moto mkali na la pili kwa moto mdogo, alipasue kila moja, kisha alinganishe ukingo na katikati.

Kuhusu namna ya kupanga somo lenyewe, nina jambo moja ninalokuomba usilifanye: usiwapikishe mubashara, wote kwa pamoja mbele ya kamera, wewe ukitoa amri. Mwaka wa kwanza nilifanya hivyo. Madirisha madogo ishirini na tano kwenye kioo, nami nikisema "sasa teleka sufuria, sasa tia mafuta". Nikasimama kumjibu mmoja aliyekuwa na swali. Kwenye dirisha la pembeni nikaona moshi nyuma ya bega la mtoto mwingine. Mafuta yake yalikuwa yanafuka, naye amesimama akiitazama simu, akingoja niseme "sasa tia kitunguu". Alikuwa ananisikiliza mimi wakati kikaango kinamwita. Nilipaza sauti azime jiko, na mtandao ulikuwa unachelewa. Alizima, hakudhurika. Sikurudia tena. Majiko hayapati moto kwa wakati mmoja, na mtoto aliyefundishwa kungoja amri kutoka kwenye kioo ameondolewa jikoni ingawa miguu yake iko jikoni.

Ninachofanya sasa ni hivi. Video inatumwa siku moja au mbili kabla, isizidi dakika nne, ya ujuzi mmoja tu, kamera ikitazama mikono na sufuria kutoka juu. Usiweke muziki. Naona walimu wanatia muziki ili video ichangamke, na muziki unafuta kitu kilichokuwa cha maana kuliko vyote, yaani mlio wa chakula. Kaa kimya sekunde kumi mtoto asikie. Kwa wale ambao bando ni shida, tuma sauti peke yake na ukurasa mmoja wa maandishi. Kabla ya siku ya kupika, mwanafunzi anaandika hatua kwa mkono wake kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Siku ya kupika simu inakaa mbali na jiko, kwanza kwa ajili ya macho yake, pili kwa sababu mkono ulioshika kuku mbichi ukigusa kioo cha simu, simu hiyo itapelekwa mdomoni na sikioni siku nzima. Kipindi cha moja kwa moja kinakuja baadaye, chakula kikiwa kimeshaliwa, na ni cha mazungumzo: nani alipata nini, na kwa nini.

Tukija kwenye alama, badili ushahidi unaouomba. Mimi naomba picha ya ubao wa kukatia kabla moto haujawashwa, na picha hii ni ngumu kupambwa. Vipande vya ukubwa mmoja vinaiva pamoja, na vikipishana utajua mapema kwamba vidogo vitaungua wakati vikubwa bado. Naomba sekunde kumi na tano za sauti ya sufuria katikati ya upishi. Wakati wa kurekodi, mtu mwingine nyumbani anashika simu. Utashangaa jinsi sikio lako litakavyozoea, ndani ya wiki chache utatofautisha kutokota kwa utulivu na kuchemka kwa fujo bila kuona chochote. Mwisho naomba ujumbe wa sauti wa dakika moja wenye maswali matatu: ulijuaje kwamba kimeiva, kipi kilikwenda tofauti na ulivyotarajia, na mara ya pili utabadili nini. Huu wa mwisho ndio wenye alama nyingi. Mtoto aliyeunguza vitunguu na kusema "mlio ulikonda nikadhani bado, kumbe ndiyo ilikuwa dalili" amejifunza kuliko mwenye sahani safi asiye na la kusema. Mpe alama zake, tena uwaambie wenzake umempa kwa nini. Bila hivyo wataendelea kuficha kilichoungua.

Vipimo visikupotezee muda mwingi. Kijiko cha nyumbani si lazima kiwe cha mililita 5, na kikombe kimoja cha mililita 240 kinaweza kubeba gramu 120 za unga uliomiminwa taratibu au zaidi ya 150 ulioshindiliwa. Wafundishe kutumia kikombe kilekile kwa vitu vyote vya pishi moja ili uwiano usipotee, na chumvi waitie kidogo kidogo huku wakionja. Maji nayo hayachemki kwa joto moja kila mahali: kila ukipanda kama mita 300 kutoka usawa wa bahari kiwango kinashuka karibu nyuzi moja, kwa hiyo anayeishi mita 1,500 juu anachemsha kwenye kama nyuzi 95 na maharage yake yatachelewa. Ni sababu nyingine ya kutoziamini dakika.

Kuna jambo la haki ambalo mwalimu wa mbali asipolitazama atawaumiza watoto kimyakimya. Majiko ya wanafunzi wako hayafanani. Mmoja ana oveni, mwingine ana jiko moja linalotumiwa na familia mbili kwa zamu. Ukiagiza keki umewatenga wengine kabla somo halijaanza. Agiza ujuzi: "Wiki hii tunachemsha kwa moto mdogo. Chagua chochote ambacho kwenu kingepikwa hata bila somo langu." Hapo hakuna gharama ya ziada, hakuna chakula kinachopikwa ili kipigwe picha tu, na mtoto anapika kitakacholiwa. Usilazimishe kamera ionyeshe jiko la mtu. Na yule ambaye nyumbani haruhusiwi kugusa moto, au hakuna mkubwa wa kumsimamia, asipoteze alama. Mpe kazi ya kumtazama anayepika kwao, amwulize kwa kila hatua "umejuaje?", aandike majibu. Baadhi ya kazi bora nilizowahi kusahihisha zilikuwa za namna hiyo, kwa sababu wapishi wa nyumbani wana dalili ambazo hakuna aliyewahi kuwauliza. Na wavulana wapike sawa na wasichana. Ukisikia kila wiki kwamba dada ndiye aliyekata, ongea na nyumba hiyo.

Kwenye usalama silegei, wewe pia usilegee. Yapo mambo ambayo mtoto hapaswi kuyajifunza kwa kukosea, na kwa hayo unatoa sheria kavu. Mara ya kwanza kwa kila ujuzi wa moto au kisu, mtu mzima awepo jikoni, na mzazi athibitishe kwako kabla. Chini ya ubao wa kukatia litandikwe kitambaa chenye unyevu usiteleze. Vidole vya mkono unaoshika kitu vikunjwe kama makucha, kisu kipite mbele ya vifundo. Kisu butu ni hatari kuliko kikali, maana kinalazimisha kukandamiza na ndipo kinapoteleza. Mafuta yakianza kufuka moshi, zima. Yakishika moto, zima jiko na ufunike kwa kifuniko. Usimwage maji kabisa, usiibebe sufuria. Waeleze sababu, nayo wataikumbuka: maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke ghafla, na mvuke unachukua nafasi karibu mara 1,700 ya ile ya maji, kwa hiyo unayarusha mafuta yanayowaka chumba kizima. Akiungua, aweke mahali palipoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu, bila mafuta, bila dawa ya meno. Jeraha kubwa, au la uso, linakwenda kwa daktari. Wanaotumia mkaa wapike mahali penye hewa inayopita, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, maana hewa ya sumu ya mkaa haina harufu.

Sumu za chakula pia hazionekani kwa macho, na hapa yale mafunzo yangu ya dalili yana mpaka. Kuku mwenye rangi nzuri nje anaweza kuwa mbichi karibu na mfupa. Shirika la Afya Duniani linataka chakula kifike nyuzi 70 katikati, na kwa asiye na kipimajoto, apasue sehemu nene kabisa: maji yatoke angavu, nyama isiwe na uwaridi. Kuku mbichi asioshwe chini ya bomba, matone yanarusha vijidudu kwenye vyombo vya jirani. Kisu na ubao vilivyomgusa vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kachumbari. Maharage mekundu yana sumu ya asili: yalowekwe saa tano au zaidi, maji yamwagwe, kisha yachemke kweli kweli kwa nusu saa ndipo moto upunguzwe. Kuyapika kwa joto la chini tangu mwanzo hakuiondoi sumu hiyo. Na wali uliobaki usilale juu ya meza. Wapo bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, zikaamka wali unapopoa polepole, na sumu wanayoitoa haiondoki kwa kupasha moto. Kabla saa mbili hazijapita uingie kwenye friji, au uliwe.

Wazazi waandikie mapema, kwa lugha ya heshima na ya wazi. Mzazi anayempenda mwanawe atauchukua mwiko. Nimemsikia mama mmoja kwenye ujumbe wa sauti wa mwanawe, yuko nyuma kidogo, anasema "lete, lete, utaunguza", halafu mwiko unagonga sufuria kwa mdundo wa mtu mwenye uzoefu wa miaka ishirini. Sikumlaumu, chakula ni cha familia na fedha ni zake. Nilimwandikia: "Mama, naomba wiki ijayo ukae kwenye kiti ambacho unaona jiko lakini mkono haufiki. Kwenye hatari mwite, au zima. Kwenye kuharibika kwa chakula, mwulize tu, 'unasikia nini?'" Wiki iliyofuata vitunguu viliungua upande mmoja, na mtoto alieleza upande upi na kwa nini: moto wa jiko lao umeegemea kushoto. Hakuna aliyewahi kumwambia. Mama yake alikuwa anaizungusha sufuria kila siku bila kusema.

Sasa kwa mwanafunzi wako wa dakika tano. Usimpunguzie alama za nyuma, alifanya ulichomwagiza. Mpigie tena. Mwambie achukue kitunguu kimoja, akikate, agawe vipande mafungu mawili. La kwanza alitie kwenye kikaango kwa nafasi, kila kipande kikigusa chuma. La pili alirundike kwenye sufuria yao ndogo kabisa. Moto uwe uleule, mafuta kijiko kilekile, na saa aigeuze iangalie ukuta. Kila fungu aliepue pale tu sikio na pua vitakapomwambia, ndipo aitazame saa na kuandika. Kisha mwulize kwa nini namba mbili hizo hazilingani, unyamaze, umwache afikiri hata kama kimya kitakuwa kirefu.